Waya zinazolala mchangani: kwanini antena ya wima inataka radiali, na kwanini mita ya SWR haitoshi

Tangu ile Mei 2024, Kimbunga Hidaya kimepiga pwani yetu, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Kilwa, alafu hazijaisha hata wiki mbili intaneti nchi nzima ikayumba maana nyaya zinazopita chini ya bahari zilikatika, huku Mtwara na Lindi stori za redio zimerudi kwa nguvu. Watu wanauliza kuhusu redio za ridhaa, wengine wameanza kununua vifaa, wengine wameshasimamisha antena uani. Na kwenye hizo stori kuna kitu kimoja kinachanganya watu kuliko vyote, ile antena ya wima na lundo la waya zinazolazwa chini kuizunguka. Mmoja anasema ni za kuzuia radi, mwingine anasema ni kama ile waya ya ardhini ya umeme wa nyumbani, mwingine anakwambia achana nazo tu mbona mita ya SWR, ile ya kupimia antena, inasoma vizuri bila hizo. Huyu wa mwisho ndiye anayewapoteza wengi, na ndio maana nimeona niandike hii kwa urefu.

Tuanze na majina ili twende pamoja. Redio ya ridhaa ni redio ya mawasiliano inayotumiwa na mtu binafsi mwenye leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), sio ya biashara wala ya matangazo, na huyo mtu anapewa jina la kujitambulisha hewani ambalo kwa Tanzania linaanza na 5H. Anaongea na wenzake ndani na nje ya nchi bila kutegemea mnara wa kampuni yoyote. Bendi za chini ni masafa ya chini anayoruhusiwa kutumia, mita 40 (hapo ni megahezi 7), mita 80 (megahezi 3.5 kwenda juu kidogo) na mita 160 (megahezi 1.8 na ushee). Hizo mita ndio takriban urefu wa wimbi lenyewe. Antena ya wima ni nguzo au waya uliosimama, na kwa kawaida inakatwa robo ya wimbi, so ya mita 40 inakuwa kama mita 10 kwenda juu, ya mita 80 kama mita 20, na ya mita 160 inakaribia mita 40 ambayo wengi wetu hatuna uwezo wa kuisimamisha. Radiali ni waya zinazoanzia kwenye kitako cha hiyo antena, zinasambaa pande zote, zimelala juu ya ardhi au zimefukiwa kidogo. Basi.

Sasa kwanini ziwepo. Redio inatoa umeme kwenye kebo yenye sehemu mbili, waya wa katikati na ule wavu wa nje, na umeme unataka pande zote mbili zipate pa kwenda. Antena ya kulala, ile daipoli, ina mikono miwili, kila upande unapata wake. Antena ya wima ina mkono mmoja tu unaoonekana, mkono wa pili ni ardhi. Yaani ardhi iliyo chini ya antena yako ni nusu ya antena yako, na ukiiacha ikiwa mbovu umejenga nusu.

Watu wa Newala na uwanda wa Makonde kwa ujumla watanielewa haraka hapa, maana kule maji ya kisima ni shughuli na watu wamezoea kuvuna maji ya mvua kwenye bati. Paa linaweza kuwa kubwa na mvua ikanyesha usiku kucha, ila kama hukufunga mifereji maji yanadondoka pembeni kote na mchanga unayanywa, tenki linabaki na kidogo kilichoangukia mdomoni mwake. Antena ya wima iko hivyo hivyo. Umeme unatoka kwenye nguzo, unapita hewani, unadondokea ardhini pande zote kuizunguka, alafu unatakiwa urudi kwenye kitako mzunguko ukamilike. Radiali ndio mifereji. Zikiwa nyingi umeme unadondokea kwenye shaba na kurudi bila shida, zisipokuwepo unarudi kupitia mchanga, na mchanga unaugeuza joto. Hiyo nguvu imeishia hapo, hakuna mtu India wala Ulaya atakayeisikia.

Hapa ndio tunafika kwenye lile kosa kubwa la mita.

SWR ni namba inayokuonyesha kama redio, kebo na antena vinaelewana, 1 kwa 1 ndio safi kabisa, ikipanda sana redio inalalamika. Haikuambii nguvu imeenda hewani au imeishia ardhini. Ukitaka kuamini, chukua rizista kubwa ya omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyobania umeme) uifunge mwisho wa kebo badala ya antena, SWR itasoma 1 kwa 1 kwenye kila bendi na hakuna atakayekusikia, maana nguvu yote inapasha joto rizista.

Angalia hesabu yenyewe, haina ugumu. Antena ya wima ya robo wimbi juu ya ardhi nzuri kabisa ina ukinzani wa kama omu 36, na hizo 36 ndio zinazofanya kazi ya kurusha. Ardhi mbovu inaongeza omu zake juu ya hizo, ila hizo za ardhi hazirushi kitu, zinakula tu. Tuseme ardhi yako inakula omu 14. Jumla 50, na kebo yako ni ya omu 50, mita inasoma 1 kwa 1, unafurahi, kumbe kati ya wati 100 unazotoa ni 72 tu zinaenda hewani. Sasa ongeza radiali mpaka ardhi ibaki inakula omu 4. Jumla 40, mita inapanda mpaka 1.25, na wati zinazoenda hewani ni 90. Umeona? Antena imekuwa bora na mita imekuwa mbaya zaidi. Watu wengi wakifika hapo wanashtuka wanaanza kupunguza waya wakidhani wameharibu, wakati ndio kwanza walikuwa wanaelekea kuzuri. Na SWR ya 1.25 hakuna redio inayoisumbua, wala hiyo 1.4 utakayopata ardhi ikiwa safi kabisa.

Kwenye nguzo fupi hali ni mbaya zaidi. Mtu ana nguzo ya mita 10, anataka aitumie kwenye mita 160 kwa kuweka koili (waya uliozungushwa) chini. Inawezekana, ila nguzo fupi hivyo kwenye wimbi refu hivyo inabaki na kama omu moja na nusu za kurusha. Ardhi ikila omu 10, umebaki na asilimia 13 tu, na hapo bado hujahesabu kinachopotea kwenye koili. Kwaiyo ule usemi wa kwamba antena ndogo inataka radiali chache ni kinyume kabisa, nguzo ikiwa fupi ndio ardhi inatakiwa iwe nzuri zaidi. Ukiweza mfungie waya za kulala kule juu kabisa kileleni, zinapandisha hizo omu za kurusha na kila kitu kinakuwa rahisi.

Ile nondo ya shaba ya kupigilia chini nayo imepotosha wengi. Kwa umeme wa nyumbani na kwa radi ina kazi yake na iwepo, ila kwa mawimbi ya redio ni sehemu moja ndogo sana ya kugusa ardhi, wakati umeme wa antena unadondoka eneo zima kuizunguka. Upigilie nondo moja au tano, bado huna mifereji. Vilevile kumwaga chumvi kuzunguka kitako, najua kuna mafundi wanafanya hivyo kwenye nondo za umeme na huku kwetu chumvi ipo tele, ila kwa antena haisaidii, mvua ikija inaizamisha na kinachobaki kinakula shaba yako.

Alafu kuna hili la bahari, ambalo sisi wa pwani linatuhusu moja kwa moja. Ni kweli maji ya bahari ndio ardhi bora kuliko zote kwa antena ya wima, yanapitisha umeme kama mara elfu moja kuliko udongo wa kawaida, na ukisimamisha antena kwenye ukingo wa maji au kwenye tope la chumvi linalofikiwa na maji ya kujaa, utasikika mbali mpaka ushangae. Watu wanasikia hivyo wanasema basi mimi niko Mikindani, niko Shangani, bahari naiona dirishani, radiali za nini. Tatizo ni kwamba mchanga mkavu wa pwani ni miongoni mwa ardhi mbovu kabisa, mbovu kuliko udongo mweusi wa bondeni. Bahari iliyo umbali wa mita mia mbili haikusaidii kwenye kitako. Inakusaidia kule mbele, pale wimbi linapogonga uso wa maji likielekea mashariki likatoka na pembe ya chini, na hiyo ni faida kubwa kweli, ila kitako chenyewe kimekaa mchangani na mchanga unakula kama kawaida. Ni hasara mbili tofauti, ya kwenye kitako na ya kule mbali. Radiali zinatibu ya kwenye kitako tu, ile ya mbali inaamuliwa na mahali ulipo, na kwa hilo sisi wa pwani tumebarikiwa.

Swali linalofuata huwa ni ngapi na ndefu kiasi gani. Mwaka 1937 mainjinia watatu wa RCA, kampuni ya redio kule Marekani, George Brown na wenzake Lewis na Epstein, walilaza waya hatua kwa hatua mpaka kufikia 113 na kupima kila hatua, na kutokana na kazi ile vituo vya matangazo vya masafa ya kati vikazoea kuweka waya 120 kila mnara. Hiyo namba 120 ndio inawakatisha tamaa watu. Ila ile ni ya kituo cha biashara. Faida kubwa iko mwanzoni, ukitoka waya 4 kwenda 16 utaiona wazi, 16 kwenda 32 bado inaonekana, 60 kwenda 120 ni faida ndogo sana kwa mtu wa kawaida na bei ya shaba ilivyo.

Na urefu sio lazima uwe robo wimbi. Waya ikishalala ardhini haifuati tena ile hesabu ya hewani, udongo unaibadilisha, kwaiyo kuhangaika kukata kwa sentimita ni kupoteza muda, na pia hazihitaji kulingana wala kunyooka, zikifika kwenye ukuta zikunje zifuate ukuta. La muhimu ni kwamba umeme mwingi zaidi unajikusanya karibu na kitako, so hapo ndipo waya ziwe zimebanana. Kama una mita 100 za waya kwa antena ya mita 40, mimi ningekata 20 za mita 5 kuliko 10 za mita 10. Kwa mita 80 vuta mpaka 24 za mita 10 hivi kama kiwanja kinaruhusu. Kwa mita 160, 16 za mita 16 ni mwanzo mzuri, na jinsi unavyoongeza idadi ndivyo inavyolipa kuongeza na urefu. Ukiweka waya chache ndefu sana, ncha zinaachana mno na katikati yake mchanga unaendelea kunywa.

Waya gani? Ile ya wairingi ya nyumba, ya shaba, ya milimita za mraba 1.5 au hata nyembamba zaidi, inatosha, na plastiki yake iache ilivyo, haizuii chochote na inalinda shaba na chumvi ya hewa yetu. Kebo za zamani za simu zenye nyuzi nyingi ndani ukizichambua unapata waya nyingi sana kwa bei ndogo, ila hakikisha unajua zimetoka wapi, usinunue shaba ya wizi ukaja kutafutana na polisi. Aluminiamu usifukie, udongo unaila. Waya wa kufungia nondo za zege na wavu wa kuku zitafanya kazi miezi ya mwanzo, masika moja ya pwani ikipita zimebaki kutu.

Kulaza ndio sehemu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mchanga wa Mtwara mjini unahitaji panga tu na mtu wa kukusaidia. Unachoma panga wima, sentimita tatu mpaka tano, unalitikisa mbele na nyuma mpasuko ufunguke, unavuta hatua, unachoma tena, mwenzako anakuja nyuma anasukumia waya kwenye mpasuko kwa kipande cha ubao na kukanyagia kwa kisigino. Usifukie zaidi ya hapo, kadri waya inavyokwenda chini ndivyo umeme unavyopita kwenye mchanga kabla ya kuifikia. Kama ardhi yako ni jiwe la matumbawe, au uko Masasi kwenye miamba, usihangaike kuchimba, laza juu na ubane kwa pini za waya mgumu uliokunjwa au mawe, haina tofauti. Ila kwenye shamba la korosho au bustani, palizi ikija jembe litakula waya zote zilizo juu juu, kwaiyo waonyeshe wanaolima zilipo kabla hawajaanza, au subiri palizi ipite ndio ulaze.

Kitako chenyewe kipe heshima yake. Tafuta bamba la chuma kisichoshika kutu au la shaba, toboa matundu kuzunguka, kila tundu boti, nati na washa zisizoshika kutu. Kila waya ichune ncha, isugue mpaka shaba ing'ae, izungushe chini ya washa, kaza. Bamba hili linaungwa na wavu wa nje wa kebo, waya wa katikati unakwenda kwenye nguzo, na nguzo isiguse bamba. Ukimaliza paka grisi au rangi juu ya viungio vyote, maana upepo wa bahari huku unafungua kazi ya mtu ndani ya msimu mmoja.

Kwa wasio na pa kulaza kuna njia ya kuinua. Waya 2 mpaka 4 zinaning'inizwa juu ya kichwa cha mtu, tuseme mita 3, na kitako cha antena kinapanda hapo hapo. Zikiwa hewani hesabu inarudi, hapo sasa kila moja lazima iwe robo wimbi, mita 10 kwa bendi ya mita 40, zilingane, zitazamane, na zisiguse ardhi wala ukuta. Nne zilizoinuliwa vizuri zinaweza kushindana na kadhaa za chini, ndio maana zinapendwa. Ila ncha zake zina volti kubwa wakati unarusha na zinaweza kumuunguza mtu, so kama kuna watoto au kamba ya kuanikia nguo karibu, usithubutu kuziteremsha. Na weka choki (kizuizi cha umeme usipite nje ya kebo) kwenye kebo pale kitakoni, la sivyo kebo yenyewe inageuka radiali nyingine na kukuletea mawimbi mpaka mezani.

Kuhusu radi, maana majirani watauliza. Radiali sio kinga ya radi. Nguzo ya mita 10 katikati ya minazi iliyoizidi urefu sio kwamba inaita radi, ila radi ikipiga karibu, kebo inaileta ndani. Wingu likianza kunguruma chomoa kebo kwenye redio uitoe nje ya nyumba, na ile nondo ya shaba tuliyoisema iunge na bamba pamoja na ya nyumba.

Na kwa waliokuja kwenye redio kwa sababu ya Hidaya, hili ni muhimu pengine kuliko yote. Antena ya wima inarusha chini chini kuelekea upeo wa macho, ni ya mbali, usiku, ng'ambo ya bahari. Kuongea Mtwara na Lindi, Masasi, Nachingwea au Kilwa barabara zikiwa zimekatika, hiyo sio kifaa chake, wimbi linaruka juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo kazi nyosha daipoli ya mita 40 au 80 chini chini, mita tano sita kutoka ardhini kati ya miembe miwili, nguvu inakwenda juu na kurudi kama mwavuli mkoa mzima, mchana kwenye 40, usiku kwenye 80, na haihitaji radiali hata moja. Nimeona watu wamemwaga hela kwenye nguzo wakitegemea kuongea na ndugu zao wa Ruangwa, inaumiza, maana hela ile ingenunua waya wa daipoli na chenji ikabaki.

Kwa aliyeamua wima, jinsi ya kujua zimetosha ni kupima ukinzani kitakoni, NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, ya bei rahisi inafanya. Anza na waya nne, pima omu pale antena inapoitika, andika. Ongeza nne, rekebisha urefu wa nguzo ikihama masafa, pima, andika. Utaona namba inashuka, mwanzo kwa kasi alafu taratibu, na ikikaribia 36 na waya nne mpya zikawa hazibadilishi kitu, simama hapo. Pima wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa, sio siku moja baada ya mvua, maana mchanga uliolowa unakupa namba nzuri ambayo Agosti hutaiona tena. Na masika ikiisha rudi na spana kwenye lile bamba, kaza boti moja moja, iliyoanza ukijani ifungue, isugue, irudishe.